Mtaa wetu ukikatwa na kata mpya, ndiyo mwanzo wa kutugawia jimbo?

*"Asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa tawi la chama hapa Tanga, chama nisingependa kukitaja. Nakaa upande wa Pongwe, na mchana nauza nyanya na vitunguu soko la Mgandini. Mwezi uliopita tuliitwa mkutano wa mtaa. Akaja mgeni na ramani kwenye simu, akasema barabara itaukata mtaa wetu: upande mmoja unabaki kata ya zamani, upande wa pili unaingia kata mpya. Wazee wa chama wanasema hiyo ni hatua ya kwanza ya kulikata jimbo la Tanga Mjini mara mbili ili kura zetu zitawanyike, tusishinde tena. Vijana wanataka twende mahakamani. Wengine wanasema kadi zetu za kupigia kura zitakufa. Na nyumba ya mwenyekiti wetu wa tawi imeangukia ng'ambo ya barabara, tayari kuna wanaosema si mwenyekiti wetu tena. Nishike lipi?"*

Waaleikum salaam, dada katibu.

Umefunga mambo manne kwenye pindo moja la kanga: kata, jimbo, mahakama na kadi. Yakikaa pamoja yanatisha. Tuyafungue moja moja, kwa sababu kila moja lina mwenyewe, na nusu ya ugomvi wa mipaka ninaokutana nao katika kazi hii unatokana na watu kugonga mlango wa nyumba ambayo si ya mhusika. Mwenyekiti wako nitamweka mwisho. Hajasahaulika.

Tuanze na huyo mgeni wa ramani ya simu. Mtaa, kijiji, kitongoji na kata ni maeneo ya utawala. Yanaongozwa na sheria za serikali za mitaa, Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na safari ya kuyaanzisha au kuyabadili huishia kwa waziri mwenye dhamana, kule TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Jimbo ni la mtu mwingine kabisa. Hilo ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ile tuliyozoea kuiita NEC kabla ya sheria ya 2024. Kwa hiyo kata yako inaweza kukatwa vipande viwili leo na jimbo la Tanga Mjini likabaki vilevile. Hata uchaguzi wenyewe umegawanyika hivyo. Ule wa wenyeviti wa mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI. Ule wa Rais, wabunge na madiwani wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulisimamiwa na Tume.

Lakini usiwacheke wazee wako. Tume inapogawa jimbo haipitishi mstari katikati ya nyumba za watu, inapanga kata nzima nzima. Katika vigezo vyake kimo hiki, kwamba kata moja isiwe ndani ya majimbo mawili, na kingine kwamba jimbo moja lisiwe ndani ya halmashauri mbili. Kata ndiyo tofali. Anayepanga matofali leo anamwamulia fundi wa kesho ukuta utapita wapi. Wazee wameona moshi kweli, ila wanautafuta moto kwenye jimbo wakati unawaka kwenye kata.

Sasa hilo jimbo lenyewe. Ibara ya 75 ya Katiba inasema Tume ndiyo inayoigawa nchi katika majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais. Inatakiwa kuupitia mgawanyo huo mara kwa mara, na walau kila baada ya miaka 10. Na mabadiliko yakifanyika, yanaanza kutumika kwenye uchaguzi mkuu unaofuata. Kwa hiyo hata jimbo likigawanywa mwakani, mbunge aliyepo hapotezi kiti, na ninyi hamuitwi kupiga kura upya. Habari yote inasubiri 2030.

Mara ya mwisho kazi hii ilifanyika 2025. Tume ilipokea maombi kuanzia tarehe 27 Februari hadi 26 Machi, na tarehe 12 Mei mwenyekiti wake, Jaji wa Rufaa Jacobs Mwambegele, akatangaza majimbo mapya 8: Kivule na Chamazi kule Dar es Salaam, Mtumba Dodoma, Uyole Mbeya, Bariadi Mjini Simiyu, Katoro na Chato Kusini Geita, na Itwangi Shinyanga. Idadi ikapanda kutoka 264 hadi 272, yaani 222 Bara na 50 Zanzibar. Mkoa wa Tanga haukuambulia hata moja. Ulibaki na majimbo yake 12.

Kwa nini? Kipimo cha idadi ya watu kilichotangazwa safari ile kilikuwa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Tanga na watu 393,429. Haijafika hata theluthi mbili ya kipimo cha mjini. Anayekwambia leo kwamba Tanga Mjini iko mbioni kukatwa mara mbili, mwombe akuonyeshe hesabu yake, la sivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Vipimo vinaweza kubadilika kabla ya 2030, hilo sikatai, ila kwa vipimo tulivyonavyo mji wenu hauko mstari wa mbele.

Aliyeko mstari wa mbele mkoani ni mwingine, na nashangaa wanasiasa wa Tanga hawamzungumzi zaidi. Angalia Kilindi. Sensa ileile iliipa watu 398,391. Imepungukiwa watu 1,609 tu kufika kipimo cha vijijini, na inatoa mbunge mmoja. Pangani ina watu 75,642, nayo inatoa mbunge mmoja. Korogwe Mjini 86,551, mbunge mmoja. Ukiweka kura ya mtu wa Kilindi na ya mtu wa Pangani kwenye mzani, ya Pangani ina uzito zaidi ya mara tano. Kama kuna dhuluma ya mipaka katika mkoa huu, mimi ningeanza kuichunguza hapo kabla ya kufika Pongwe.

Wenye kuutetea mgawanyo huu nao wana hoja. Watu si kigezo pekee. Katiba yenyewe inataja njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na aliyewahi kupanda basi kwenda Mlalo msimu wa mvua hahitaji kuelezwa maana yake. Tume inaangalia pia mipaka ya utawala, ukubwa wa eneo, hali ya uchumi, mpangilio wa makazi, mazingira ya Muungano, idadi ya viti maalumu vya wanawake na, hili watu hucheka nikilitaja, uwezo wa ukumbi wa Bunge. Kuna viti vya kukalia, na vina mwisho. Hicho kigezo cha Muungano ndicho kinachofanya jimbo la Zanzibar liwe na wastani wa watu kama 37,800, na la Bara kama 269,600. Unaweza kukipenda au kukichukia, ila kimeandikwa.

Nirudi kwa wazee, maana wana jambo moja wamelielewa kuliko vijana: mstari unaweza kuhamisha ushindi bila kuhamisha mtu hata mmoja. Niliwahi kulieleza hili barazani Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa kutumia vikombe vya muuza kahawa ambaye mwishowe alinuna kwa sababu vikombe vyake havirudi kwenye ndoo.

Chukua vikombe sita. Kila kikombe ni kata yenye kura 1,000. Tuvibuni vyama viwili, cha Mnazi na cha Mkonge. Kikombe cha kwanza Mnazi wana kura 900, cha pili 800, cha tatu na cha nne 400 kila kimoja, cha tano na cha sita 350 kila kimoja. Zilizobaki ni za Mkonge. Jumlisha: Mnazi 3,200, Mkonge 2,800. Wengi ni Mnazi, hakuna ubishi.

Sasa nipe kazi ya kutengeneza majimbo matatu, kila jimbo vikombe viwili. Nikiweka cha kwanza na cha pili pamoja, Mnazi wanashinda hapo kwa kura 1,700 dhidi ya 300, wanapiga vigelegele mpaka asubuhi. Cha tatu na cha nne: Mkonge 1,200, Mnazi 800. Cha tano na cha sita: Mkonge 1,300, Mnazi 700. Mkonge wamepata wabunge wawili, Mnazi mmoja, na wenye kura nyingi bado ni Mnazi! Kura zao nimezijaza kapu moja, zinaozea humo. Nikibadili nikaweka cha kwanza na cha tatu, cha pili na cha nne, cha tano na cha sita, Mnazi wanapata wawili na Mkonge mmoja. Sikugusa kura ya mtu. Nilisogeza vikombe tu. Wamarekani wanauita mchezo huu "gerrymandering", jina walilolitunga 1812 walipomkejeli gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, kwa jimbo lililochorwa likafanana na salamanda, mnyama anayefanana na mjusi.

Kwetu mchezo huo una breki, hiyo ya kutokata kata wala kuvuka halmashauri. Una pia mlango ulio wazi, na sitaki kukuficha: Tume inahitaji kibali cha Rais, na Rais ni mtu mwenye chama. Najua pia kwamba baada ya Oktoba 2025 kuna watu hawataki hata kusikia neno Tume. Siwezi kukurudishia imani kwa kalamu. Ninachoweza kukupa ni namna kitu kinavyokwenda, ili ujue pa kusimama.

Na kwa mtaa wako pa kusimama ni udiwani. Tuseme diwani wenu alishinda kwa kura 150. Tuseme upande wa barabara unaohamishwa una wapiga kura 300 waliojitokeza, 240 wakampa yeye na 60 wakampa mpinzani. Ukiuondoa upande huo, umemwondolea kura 180 za ziada. Ushindi wa 150 umegeuka kushindwa kwa 30. Hii ndiyo hesabu ninayotaka uifanye kwanza, kabla ya mkutano wa hadhara, kabla ya wakili. Mna fomu za matokeo za vituo ambazo mawakala wenu walipewa 2025. Zitoe kwenye sanduku, tafuta vituo vya upande ule, jumlisha. Inawezekana ukakuta ng'ambo ya barabara hamna kura za kulilia, na kata mpya ikawa imewafungulia kiti cha pili. Nimeshaona chama kikipinga mgawanyo kwa mabango na kelele, kisha uchaguzi ukifika kikashinda kata zote mbili.

Jambo jingine la kunong'ona. Mara nyingi anayesukuma kata mpya si chama pinzani. Ni mtu wa chama kilekile aliyechoka kusubiri zamu. Diwani yupo, hatoki, na kijana wake wa mkono wa kulia anataka kiti. Suluhisho la amani ni viti viwili. Mpaka wa kata ukisogea, orodha ya wanaopiga kura ndani ya chama inasogea pia. Katika CCM wajumbe wa kura za maoni wanatokana na matawi na kata. Katika CHADEMA jimbo lenyewe ni ngazi kamili ya chama, kati ya kata na wilaya. Kwa hiyo kabla hujanyoosha kidole nje, chungulia ndani uone nani wa kwenu anafaidika na ile barabara.

Sasa vijana na mahakama. Hapa niseme wazi ili msichangishane fedha bure. Kwa mpaka wa jimbo, Ibara ya 75(6) ya Katiba inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lolote lililotendwa na Tume katika kuigawa nchi kwenye majimbo. Ibara ya 74(12) inasema karibu hivyohivyo kwa kazi nyingine za Tume. Unaweza kuliona jambo hilo si la haki, nami nina maoni yangu, lakini ukiingia mlango huo na kesi ya kawaida utarudishwa kizingitini. Maana yake kwenye majimbo mtu anashinda au anashindwa ugomvi kabla ya tangazo.

Kwa mpaka wa kata au mtaa hali ni tofauti. Uamuzi wa waziri au wa halmashauri ni uamuzi wa kiutawala, na Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapo hapo Tanga mjini, inaweza kuombwa kuupitia: je, utaratibu ulifuatwa, je, wahusika walisikilizwa, je, aliyeamua alikuwa na mamlaka? Mahakama haiulizi kama barabara ile ni mpaka mzuri kuliko mto. Inauliza njia iliyotumika kufika hapo. Maombi ya kibali cha kufungua shauri hilo yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanyike. Miezi hiyo inakwisha haraka watu wakiwa bado wanabishana kwenye kundi la WhatsApp.

Na utaratibu wenyewe ni upi? Kwa kawaida wazo linaanza kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, linaingia Baraza la Madiwani, linapanda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ndipo linapelekwa TAMISEMI. Likikubaliwa linatoka kwenye Tangazo la Serikali. Maombi ya kugawa jimbo nayo hupita vikao vya halmashauri na mkoa kabla ya kufika kwa Tume. Kwenu mko hatua ya chini kabisa, ambayo mimi naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu kila kikao cha juu kinasoma muhtasari wa kikao cha chini. Tanga kuna ule msemo wa waja leo waondoka leo. Mpaka ulioingia kwenye Tangazo la Serikali hauna tabia hiyo. Ukija umekuja.

Nakumbuka faili moja niliyoletewa miaka iliyopita, si Tanga. Wakazi walikuwa wamepinga kwa nguvu zote, wamepiga kelele mpaka mkutano ukavunjika. Nikafungua muhtasari: karatasi tatu zilizochanwa kwenye daftari la shule, mstari mmoja ulisema "wananchi walijadili kwa kina na kuafiki". Chini saini zimejipanga vizuri. Nikauliza saini hizo za nini. Wakatazamana. Walikuwa wamesaini mahudhurio. Karatasi ya mahudhurio ikaambatanishwa nyuma ya muhtasari, na kila kikao kilichofuata kiliziona saini zile kama ridhaa. Hakuna aliyekuwa na nakala ya kuonyesha vinginevyo.

Kwa hiyo, dada, kazi yako wiki hii ni karatasi. Nenda ofisi ya mtaa, uliza muhtasari wa mkutano ule, usome sentensi ya maazimio. Kama imeandikwa mliafiki, thibitisheni au kanusheni kwa maandishi. Kama mlikataa, hakikisheni imeandikwa mlikataa, idadi ya waliokataa na sababu. Uliza yule mgeni alitoka ofisi gani na ile ramani ni ya nani, maana picha kwenye simu haina mhuri wala kipimo. Wakikuzungusha, andika barua kwa Mkurugenzi wa Jiji ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 kukujibu. Weka nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi. Halafu mfuate diwani, hata kama si wa chama chenu. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi, mnaweza kukaa nyuma mkasikiliza, na diwani anayejua wapiga kura wake wamekaa nyuma huongea tofauti.

Mnapoandika pingamizi, msiandike "mnataka kutupunguzia kura". Hata kama ni kweli, hiyo si sababu inayoweza kubebwa na kikao cha ushauri. Andikeni yale yanayopimika. Mtoto wa ng'ambo ya barabara atasoma sekondari ya kata ipi, na kilomita ngapi? Zahanati inabaki upande gani? Bomba la maji lililochangiwa na mtaa mzima linakuwa la nani? Mgogoro wa kiwanja unaoendelea kwenye baraza la kata unahamia wapi? Mzee anayetafuta barua ya mtendaji atapanda bodaboda kwa shilingi ngapi? Kama majibu ya maswali hayo yanaonyesha kata mpya ni nafuu, basi mkubali na mgombanie jina lake na mahali pa ofisi. Kata mpya inaleta mtendaji, diwani na madai ya sekondari na kituo cha afya. Si kila mgawanyo ni uchawi. Jimbo jipya nalo lina mbunge wake na fungu lake la Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ndiyo maana wengine wanaulilia mgawanyo huohuo mnaouogopa.

Kadi za kupigia kura hazifi. Kadi inakuunganisha na Daftari la Kudumu, na kinachobadilika mipaka ikisogea ni kituo na kata ambayo jina lako linasomeka. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni watu kudhani daftari ni moja. Orodha ya wapiga kura ya uchaguzi wa mitaa huandaliwa pembeni kila uchaguzi, kwa hiyo aliyejiandikisha Oktoba 2024 kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa hakuingia Daftari la Kudumu kwa kitendo hicho, na mwenye kadi ya Tume hakuwa amejiandikisha mtaani. Waambie watu wako waangalie majina yao Tume itakapoweka wazi daftari la awali, na tawi liwe na mtu wa kusimama kituoni siku hizo. Pingamizi la jina lina siku zake. Zikipita zimepita.

Tukija kwenye uhai wa tawi, ushauri wangu ni msivunje chochote sasa. Chama kikianza kujipanga kwa mipaka ambayo bado haijatangazwa kinajigawa kwa hiari yake. Badala yake tengenezeni daftari la wanachama nyumba kwa nyumba, kila jina na upande wake wa barabara, namba ya simu na shina au msingi wake. Mpaka ukija, mnagawa daftari kwa siku moja. Usipokuja, mmebaki na daftari zuri kuliko la matawi yote ya wilaya. Mkiitisha mkutano wa hadhara kuhusu jambo hili, taarifa kwa polisi wa wilaya inatakiwa saa 48 kabla. Kikao cha ndani cha wanachama ni habari nyingine.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kukusaidia. Kama saini zenu zimetumika msipokubali, kama kuna mtu ametishwa au amekamatwa kwa sababu ya kupinga, au kama Tangazo la Serikali limeshatoka na miezi inahesabika, muone wakili ana kwa ana, na uende na karatasi zote. Kama fedha ni tatizo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa karibu nawe. Wao hawatakusimamia Mahakama Kuu, ila watakusaidia kupanga nyaraka na kumpata wa kukusimamia.

Sasa mwenyekiti wako wa ng'ambo ya barabara. Kwa serikali, bado barabara haijakata kitu. Kwa chama, uhalali wake unatoka kwenye katiba ya chama na mkutano uliomchagua. Hata kata mpya ikitangazwa, kinachoulizwa ni je, katiba yenu inataka kiongozi wa tawi awe mkazi wa eneo la tawi, au mwanachama wa tawi tu? Hayo ni mambo mawili, na vyama havifanani. Soma kifungu, kisha umwandikie katibu wa wilaya mwelekezwe kwa maandishi. Wakati mnasubiri jibu, aendelee kuongoza vikao, na wewe uendelee kuandika mihutasari. Mhuri wa tawi ubaki palipokuwa. Akija mtu yeyote kuuazima "kwa muda mfupi tu", hata akiwa mzee wa chama, mwambie umefungiwa kabatini na ufunguo uko Mgandini chini ya vitunguu.